Enduru Inapopigwa Saa za Kazi

Katika vijiji vya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, habari ya moto mara nyingi huanzia kooni mwa mtu kabla haijafika kwenye simu. Wanyambo, wenyeji wa huko, huiita enduru: ukelele wa kuomba msaada ambao jirani akiusikia huupokea na kuupaza, mpaka ukavuka bonde na kufika kilima cha pili. Aliyeusikia haulizi kwanza nyumba ni ya nani. Anaacha jembe shambani, anaacha kahawa juu ya turubai, anaacha abiria kituoni, anakimbilia kwenye moshi.

Huyo ndiye mzima moto wa kujitolea wa wilaya hizi mbili. Hana sare wala kitambulisho, na pengine hajawahi kujiita hivyo. Ana kazi nyingine inayomlisha: ni mwalimu, karani wa chama cha msingi cha ushirika, fundi cherehani, muuguzi, dereva wa bodaboda, mkulima wa kahawa na ndizi. Ushauri huu ni wake, na ni wa mwajiri wake pia, kwa sababu mara nyingi wawili hao hukutwa hawajapatana lolote siku enduru inapopigwa saa nne asubuhi.

Hesabu ya dakika

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linafanya kazi chini ya Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, na namba yake ya dharura ni 114. Mkoani Kagera, makao yake yako Bukoba. Kutoka Bukoba mtu hupita Kyaka, kisha anakamata lami ya kilomita 59 hadi Bugene. Safari yote inazidi kilomita 100 kabla ya kuingia mji wa Kayanga, wilayani Karagwe. Nkwenda, Kaisho na Murongo, kule mpakani na Uganda, bado ziko mbele. Hata kama gari la zimamoto lingekuwa limeegeshwa Kayanga kwenyewe, vijiji vingi vya Kyerwa vingelisubiri kwa muda mrefu likipanda na kushuka milima.

Moto hausubiri kiasi hicho. Chumba chenye godoro la sponji, mapazia na nguo zilizotundikwa ukutani kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika tano. Kwa hiyo robo saa ya kwanza ni ya majirani, watake wasitake. Kinachoweza kubadilika ni namna itakavyowakuta.

Kyerwa inaijua hesabu hii kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, katika kijiji cha Itera, liliungua na watoto 10 wakapoteza maisha. Tangu hapo, mwalimu yeyote wa zamu katika shule ya bweni ana sababu ya kujiuliza maswali matatu kabla ya kulala: funguo za mlango ziko wapi, mtu atatokaje kwenye madirisha yenye nondo, na watoto waliolala humo leo ni wangapi.

Mkoa huo huo una mfano mwingine, wa majini. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi waliokuwa kwenye shughuli zao. Watu 24 waliokolewa, 19 walikufa. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alipata sifa nchi nzima, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sehemu ya habari yake inayosahaulika ni kwamba yeye mwenyewe aliumia katika uokoaji ule, akapoteza fahamu na kuzindukia hospitalini. Aliingia majini na nguvu zake na alichokuwa nacho mkononi. Anayetaka kujitolea miaka mingi na bado arudi kazini kesho yake anahitaji maandalizi zaidi ya hayo.

Maneno na bosi kabla ya moshi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Hakuna mzima moto atakayepanga likizo kwa kubahatisha siku nyumba ya jirani itakapoungua. Ujerumani, ambako watu wapatao milioni moja ni wazima moto wa kujitolea, sheria inamtaka mwajiri amwachie mfanyakazi aende kwenye moto na aendelee kumlipa. Mwajiri binafsi hurudishiwa fedha hizo na serikali. Chile, ambako kikosi cha kwanza kilianzishwa Valparaíso mwaka 1851, wazima moto hujitolea na wanajulikana kazini kwao kuwa ni wa kikosi. Karagwe na Kyerwa mambo hayo hayajaandikwa popote, kwa hiyo yanabaki kuwa maelewano ya watu wawili ofisini.

Maelewano hayo yafanyike mapema, na yawe na mipaka inayoeleweka. Mfanyakazi aende kwa mkuu wake na barua fupi ya mtendaji wa kijiji inayomtambulisha kuwa ni mmoja wa kikundi cha kuzima moto. Aseme wazi: ataondoka tu moto ukiwa ndani ya kitongoji fulani, hatatoka zaidi ya saa kadhaa bila kupiga simu, fulani ndiye atakayeshika nafasi yake, akirudi atatoa taarifa. Mwajiri akiona mipaka, ni rahisi kukubali. Anachoogopa ni mtu anayetoweka asubuhi na kuonekana jioni akinuka moshi na pombe ya pole.

Kuna siku ambazo jibu sahihi ni kutokwenda. Muuguzi aliye peke yake kwenye zamu haachi wodi. Mwalimu hawezi kuwaacha watoto wa Darasa la Saba katikati ya mtihani wa Septemba. Mlinzi wa ghala la kahawa hafungi lango akakimbia huku magunia ya wakulima yamo ndani. Mtu wa namna hiyo atafute kazi nyingine katika kikundi: kupiga simu, kutunza orodha, kufundisha siku za mapumziko. Kujitolea si lazima kuwe kushika ndoo.

Waliojiajiri wana mgogoro wa aina yao. Dereva wa bodaboda hana bosi wa kumwomba ruhusa, lakini ana hesabu ya kupeleka jioni kwa mwenye pikipiki. Yeye ndiye anayetumwa kila mara kwa sababu ana chombo: apeleke madumu, amlete mganga, amfuate mwenyekiti wa kitongoji. Safari tano za bure zinammalizia mafuta. Kikundi makini kinamwekea lita zake za petroli katika bajeti, la sivyo mara ya tatu enduru ikipigwa atakuwa "yuko mbali."

Kahawa na kiangazi kwa pamoja

Kalenda ya wilaya hizi ina mtego wake. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Nyasi za vilimani zimekauka, wafugaji wanataka majani mapya, wasafishaji mashamba wanachoma. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kuvuna na kuanika kahawa, wakati ambapo kila mkono unahitajika shambani na fedha ya mwaka inapimwa kwenye mzani. Moto mwingi na kazi nyingi hukutana.

Dawa ni kufanya sehemu kubwa ya kazi ya zimamoto kabla ya Juni. Mkanda wa kinga-moto uliosafishwa hadi udongo ukaonekana, kuzunguka shamba la mikaratusi, misonobari au kahawa iliyo kando ya mbuga, unaokoa siku nyingi za kukimbizana na ndimi Julai. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na ile ya Ibanda-Kyerwa, zote mbili zilizotangazwa mwaka 2019, vinapaswa kuwa na namba za simu za askari wa hifadhi na kukubaliana nao mapema nani anamwita nani moto unapovuka mpaka. Mkulima anayetaka kuchoma mabaki amwarifu mwenyekiti wa kitongoji na majirani kwanza, achome jioni upepo ukiwa umetulia, na asiondoke hadi majivu yapoe. Redio za jamii, kama FADECO ya Kayanga, ni njia rahisi ya kukumbusha hayo yote mwezi Mei.

Moto wa nyasi ukishawaka, yapo mambo ambayo mzima moto asiyajifunzie vitani. Karagwe ni nchi ya vilima, na moto hupanda mlima kwa kasi zaidi kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hukausha nyasi za juu kabla moto wenyewe haujazigusa. Hivyo hakuna anayesimama juu ya mlima moto ukiwa chini yake. Kikundi kianzie nyuma na ubavuni, pale penye majivu, kisogee kuelekea kichwani polepole. Sehemu iliyokwisha kuungua ndiyo mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika. Matawi mabichi yenye majani mengi hupigia nyasi fupi. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya mimea, likioshwa vizuri na kujazwa maji, linazima kingo za moto vizuri kuliko ndoo, kwa sababu halimwagi maji yote mahali pamoja. Nguo ziwe za pamba nzito. Nailoni huyeyuka ikaganda kwenye ngozi, na buti za mpira si rafiki wa majivu ya moto. Viatu vya ngozi ni bora.

Nyumba, gesi na chupa za petroli

Moto wa nyumba una kishawishi kimoja kikubwa: kuingia. Mtu anasikia kwamba ndani kuna begi, kuna godoro, kuna hati ya shamba. Anayejitolea lazima aamue mapema kwamba haingii kwa ajili ya mali. Moshi huangusha mtu kabla moto haujamgusa, na paa la bati lililopoteza mbao zake hushuka bila kuaga. Ikiwa kuna mtu ndani na bado njia ipo, mlango uguswe kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto sana, usifunguliwe. Kama unafunguka, mtu atambae chini ambako hewa ni safi kidogo, awe na mwenzake anayemwona, na atoke mara tu anapoona haoni.

Kabla ya maji, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na kama nyumba inatumia sola, betri itenganishwe ikiwa inafikika salama. Maji yenyewe yatoke wapi? Hapa wilaya hizi zina hazina. Matangi ya maji ya mvua yako kwenye nyumba nyingi, shuleni, makanisani na misikitini. Kikundi kiandike orodha ya matangi yote ya kitongoji, ukubwa wake, na nani ana ufunguo wa bomba. Kisha safu mbili za watu: moja inapeleka ndoo zilizojaa, nyingine inarudisha tupu. Wengine wakate mashina ya migomba. Yamejaa maji, na vipande vyake hutupwa juu ya makaa na kuziba kingo za moto pale ndoo zinapochelewa. Ikiwa nyumba imeshindikana, nguvu zote zihamie kwenye nyumba ya pili iliyo upande upepo unakoelekea.

Kaango la mafuta likiwaka, lifunikwe kwa kifuniko au blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa, na jiko lizimwe. Maji hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Mtungi wa gesi ukiwaka kwenye regulata, valvu ifungwe kwa mkono uliozungushiwa kitambaa kibichi kama inafikika; kama haifikiki, watu waondoke na mtungi upozwe kwa maji kutoka mbali. Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo sita haufiki hata nusu dakika kabla ya kwisha, kwa hiyo mtu avute pini, alenge chini kwenye shina la moto, abonyeze na kufagia kushoto na kulia. Mtungi huo usiponingʼinizwa mahali panapoonekana hauna kazi.

Petroli inastahili neno la pekee. Katika vijiji vingi inauzwa kwa chupa kando ya barabara, na dumu lake hulala chumbani karibu na kibatari au jiko la mkaa. Anayezunguka kufundisha majirani aanze na nyumba hizo. Na siku gari la mafuta litakapopinduka, kazi ya mzima moto itakuwa kuwarudisha watu nyuma, wakiwemo ndugu zake wenye ndoo. Agosti 10, 2019, huko Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa lori la petroli lilipolipuka wakati umati ulikuwa ukichota mafuta. Ni kazi isiyo na shukrani: atatukanwa kwamba anawanyima watu riziki.

Mfumo ambao tayari upo

Wengi hukwama wakidhani kikundi kinahitaji mfadhili na gari jekundu. Kagera ina mfumo ulio tayari: vyama vya kuzikana. Kila kijiji kinajua kuendesha chama cha namna hiyo. Kuna daftari la majina, mweka hazina, zamu za kupika na kuchimba, faini ya asiyefika bila sababu, na mtu wa kupiga mwito. Wanachama wenye kazi za ofisini wameshazoea kueleza bosi kwamba kuna msiba. Mfumo huo unaweza kubeba moto bila kubadilishwa sana: daftari liongezwe ukurasa wa zimamoto, na mfuko utenge fedha za ndoo, makoleo, mafyekeo, tochi na mafuta ya pikipiki.

Serikalini mlango upo pia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kikundi kijisajili kwa mtendaji wa kijiji, kiombe kupitia ofisi ya wilaya askari wa Zimamoto waje kutoa mafunzo, na kiwashirikishe mgambo, skauti na watu wa Msalaba Mwekundu walio karibu. Askari wa Zimamoto wakifika eneo la tukio, uongozi ni wao. Kiongozi wa kikundi awape mambo matatu kwa sentensi moja: ndani kuna watu wangapi, gesi au petroli iko wapi, umeme umezimwa au la.

Wawili wapewe kazi ya kulinda vilivyookolewa. Kila mtu aliyewahi kuunguliwa anajua kwamba redio iliyotolewa salama motoni inaweza kupotea uwanjani. Vitu viandikwe na kukabidhiwa kwa mwenyewe mbele ya mjumbe. Simu zitumike kuita msaada. Picha za waliojeruhiwa zisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Kesho yake asubuhi

Aliyepambana na moto hadi saa tisa usiku hapaswi kuendesha pikipiki wala mashine ya kusaga saa moja asubuhi. Hii ni sehemu ya maelewano na mwajiri ambayo husahaulika: kuchelewa siku inayofuata. Kikohozi kisichokoma, kichwa kuuma, kichefuchefu au sauti kukwaruza baada ya kuvuta moshi ni sababu ya kwenda hospitali ya Nyakahanga, ya Isingiro au kituo chochote cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla mkono haujavimba, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga na yai vibaki jikoni.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huangalia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi ya mwajiriwa. Kuungua ukizima nyumba ya jirani ni habari nyingine. Kwa hiyo bima ya afya ya kaya iwe hai mwaka mzima, na kikundi kitenge akiba ya kumtibu na kumfidia siku za kazi atakazopoteza mwenzao. Mke au mume naye aulizwe kabla, kwa sababu ndiye atakayeanua kahawa peke yake mvua ya ghafla ikija, na ndiye atakayekaa macho kusubiri.

Kuna pia majeraha yasiyoonekana. Aliyemtoa mtoto motoni akiwa amechelewa hulala na sura ile. Wazee wana desturi nzuri ya kukaa pamoja baada ya mazishi. Kikundi kifanye hivyo baada ya kila moto mkubwa, watu wasimulie walichokiona na walichokosea, bila kumtafuta wa kumlaumu. Asiyeweza kurudi kwenye moto unaofuata aruhusiwe kubaki na daftari.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mtu mmoja anayesoma haya, awe mwalimu, karani au dereva wa bodaboda, amwombe mwenyekiti wake aingize ajenda moja katika mkutano ulio kabla ya Juni: majina 20, orodha ya matangi, barua kwa waajiri, na namba 114 ibandikwe kwenye mlango wa kila duka.